Alama ya Mulei kwenye Mizinga ya Ndauni

Kwetu upande wa Ikutha, mtu hatundiki mzinga mtini kabla ya kuuchonga alama. Alama ni ya ukoo. Wengine wana mshale, wengine nusu duara, wengine mistari mitatu iliyolala pamoja, na hiyo hiyo ndiyo wanayowachomea ng'ombe wao. Mzinga usio na alama ukionekana mtini, anayepita anaweza kusema ni wake, na hakuna wa kumbishia.

Mulei alitundika mizinga isiyo na alama kwa miaka kumi na mitatu.

Mimi nilikuwa jirani yake, na bado ni jirani yake. Nimeandika habari hii kwa sababu siku hizi inasimuliwa sokoni na watu ambao hawakuwepo, na wengine wanasema Mulei alikuwa mganga. Hakuwa mganga. Ningeweza kuwasahihisha huko huko sokoni, lakini mimi si msemaji. Mkutanoni hukaa nyuma, na nikiulizwa jina huwa nameza nusu yake. Kuandika ninaweza, maana nilifika darasa la saba.

Mama yake Mulei, Syokau, alimzaa akiwa bado kwao. Mwanamume aliyehusika hakuonekana tena. Babu alimlea Mulei bila maneno, akampa kazi ya kuchunga mbuzi kwenye bonde la kijito cha Ndauni, mahali pa miiba na mawe ambapo hakuna aliyepataka. Shuleni hakwenda hata siku moja. Babu alipokufa, mji ukabaki kwa mjomba wake, Kivuva.

Mwaka 1972 Mulei alimaliza mzinga wake wa kwanza. Aliukata kutoka kwenye gogo la mti wa mukau, akalitoboa kwa tezo mpaka ndani pakawa laini kama kibuyu. Aliubeba begani mpaka kwa Kivuva. Mimi nilikuwa hapo, nimetumwa kuazima jembe.

"Mjomba, nimemaliza," akasema. "Nionyeshe pa kuchonga."

Kivuva alikuwa akinoa shoka, hakuinua kichwa. "Uchonge nini?"

"Alama yetu."

"Yetu na nani?" Kivuva akajaribu makali ya shoka kwa kidole gumba. "Alama ile ni ya watoto wa wanaume wa mji huu. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Kula utakula, kulala utalala. Alama kaiulize kwa baba yako."

Kwa mila yetu mtoto aliyezaliwa nyumbani ni wa nyumbani, na wazee wangeweza kumkatalia Kivuva. Lakini Syokau hakuwa na wa kumsemea, na Mulei mwenyewe hakuenda kulalamika kwa mtu. Aliubeba mzinga wake akarudi Ndauni, akautundika hivyo hivyo.

Asali yake ililiwa na kila mtu. Kiema, mwana wa Kivuva ambaye ni rika letu, alikuwa akimfuata njiani akijilamba vidole. "Mulei, jana nimekula asali tamu sana. Sijui ilikuwa ya nani, haikuandikwa." Watu wakacheka, na Mulei pia akacheka kidogo, halafu akaenda kuchonga mzinga mwingine. Alioa Muthoki, wakajenga huko huko Ndauni, wakapata watoto watano. Syokau alipozeeka alihamia kwao.

Mwaka wa 1985, baada ya ile njaa ya mwaka uliotangulia, ilikuja mashine ya kuchimba kisima. Ililetwa na lori mbili, na pamoja nayo walikuja Wachina watano. Walipiga hema karibu na njia panda, hatua mia tatu hivi kutoka kwangu. Mulei aliandikwa kazi ya kulinda mabomba mchana na kuleta kuni. Hatukuwa tumewahi kuona Mchina. Tulichoshangaa zaidi ni kwamba walikunywa maji moto, matupu bila majani, jua la saa saba likiwaka, na hawakutoka jasho kutuzidi.

Mmoja wao aliitwa Gao. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, fundi wa mashine, mwembamba, mwenye viatu vya kitambaa. Alijua maneno ya Kiswahili yapatayo thelathini na aliyatumia yote kila siku. Mulei alikuwa analinda mabomba huku akichonga mzinga, na Gao alikuja akaugonga gogo kwa kifundo cha kidole.

"Ngoma?" akauliza.

Mulei akavuma kama nyuki, akazungusha kidole hewani, halafu akajilamba. Gao akacheka. Kesho yake Mulei akamletea asali kidogo ndani ya mkebe, iliyobaki ya msimu wa nyuma, na tangu siku hiyo saa ya mapumziko Gao alikuwa akija kukaa juu ya mabomba kumtazama akichonga.

Sepetu, ndoo na spana za Gao zote zilikuwa na alama ya rangi nyekundu. Mulei aliziangalia siku nyingi kabla ya kuuliza. Aliniambia baadaye kwamba alichokiona si uzuri wa alama. Aliona kwamba Wachina wale watano walirusha vyombo vyao kwenye lundo moja jioni, na asubuhi kila mmoja akachukua chake bila kugombana.

Akagusa alama kwenye ndoo. "Hii?"

"Gao," akasema Gao akijigonga kifua.

Mulei akagusa kichwa cha mzinga wake, mahali palipokuwa patupu. Gao akauangalia mzinga, akamwangalia yeye, akatazama mukau uliokuwa umesimama nyuma yao. Akaokota msumari, akachora chini. Ninaichora hapa jinsi Mulei alivyonionyesha: 木.

"Mti," akasema Gao. Akaonyesha mukau, akaonyesha gogo. "Mti. Mti."

Mulei akachukua msumari akaichora palepale, na ikafanana. Gao akaifuta kwa mguu.

Mimi nilikuwa nimekuja kuuza mayai, nikadhani amekasirika. Mulei akachora tena, vizuri zaidi. Gao akafuta tena.

"Si ni sawa?" Mulei akauliza. "Angalia. Ni sawa."

"Hapana." Gao akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto. "Kwanza lala." Wakavuta mstari wa kulala, kushoto kwenda kulia. "Halafu simama." Wakashusha mstari wa kusimama katikati yake. "Halafu kushoto. Halafu kulia." Wakateremsha miguu miwili, wa kushoto ukiishia kwa ncha nyembamba, wa kulia ukikanyaga chini mwishoni kisha kuinuka.

Mulei alikuwa ameanza na mstari wa kusimama, kama mtu yeyote wa kwetu angeanza, maana mti husimama kwanza ndipo ukatoa matawi. Alimweleza Gao hivyo kwa mikono. Gao akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kwanza lala."

Ilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa. Mulei alichora mavumbini, akachora juu ya mabomba kwa chokaa, akachora kwenye paja lake kwa kijiti. Muthoki aliniambia kwamba hata akikoroga uji kijiko kilikuwa kinalala, kinasimama, kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, na uji unamwagika. Gao hakumsifu hata mara moja. Siku moja alitazama, asiifute, akaenda zake kunywa maji moto. Mulei alikuja mpaka kwangu kuniambia kwamba leo haikufutwa.

Baada ya hapo Gao alimwonyesha kwamba miti miwili ikiandikwa pamoja ni kichaka, na mitatu, mmoja juu na miwili chini, ni msitu. Mulei alifurahi sana na hilo. "Wanaandika kama tunavyohesabu mbuzi," akasema.

Nilimwambia, "Wacha nikufundishe na jina lako. Herufi tano tu, M, U, L..."

"Hizo ni za shule," akasema. "Hii nimepewa."

Kisima kilipatikana na maji ya chumvi kidogo, na Wachina wakaondoka na mashine yao. Gao alimwachia Mulei ile ndoo. Mulei akapanda mti mmoja baada ya mwingine, akateremsha mizinga yake yote kumi na minne, akachonga kila mmoja kwa kisu, pole pole. Mzinga uliokuwa kwenye kivuko, pale mtu anapoingilia Ndauni, aliuchonga miti mitatu, kwa sababu kutoka hapo msitu unaanza. Hiyo ilikuwa maana yake yote.

Sasa hapa ndipo watu wetu walipokosea, na sijui kama watu wengine wangekosea namna hii. Alama ya mzinga kwetu ni lazima iwe ya ukoo. Ile haikuwa ya ukoo wowote, wala huku, wala Makueni, wala Kitui ya juu. Wazee walienda kuiangalia wakarudi wakitikisa kichwa. Kama si ya ukoo, basi ni ya nini? Miezi michache baadaye mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mto alipanda kuiba asali, nyuki wakamvamia, akaanguka, akavunjika mguu. Jumamosi ile sokoni jibu lilikuwa limepatikana. Mulei ameweka kithitu. Kithitu ni kiapo cha zamani cha Wakamba, ambacho humrudia mwenye kosa pamoja na watu wa nyumba yake. Hata aliyeokoka hapendi kukitaja. Anageuza maneno.

Asali ya Mulei haikuguswa tena, kadiri tulivyojua. Watu waliokuwa wakikata njia kupitia Ndauni walianza kuzunguka juu kwenye mawe.

Nilimuuliza, "Unajua wanavyosema?"

"Nasikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema kitu, Mutiso. Wao ndio wamesema."

Nikanyamaza. Nilijua ukweli kama yeye, na nilikaa nao miaka minne. Sikuona ubaya. Mtu ambaye alichezewa miaka yote ile, kwa nini asile asali yake?

Mwaka 1989 serikali ilikuja kupima mashamba kwetu. Kamati iliundwa, wanakijiji sita na mwenyekiti wao Jonah, aliyekuwa mwashi na mzee wa kanisa, pamoja na karani wa ardhi kutoka Kitui, kijana mwenye shati jeupe na daftari kubwa. Kila mtu alipaswa kuonyesha shamba lake na ushahidi wake: kaburi la babu, mti alioupanda, boma la zamani, mizinga. Kivuva alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na Kiema akapeleka jina lake kudai Ndauni yote. Alisema ilikuwa ya babu, ikawa ya baba, na sasa ni yake, na kwamba Mulei alikuwa mchungaji tu. Hakuwa amesema uongo mtupu. Lakini Ndauni ikiandikwa kwa jina la Kiema, Mulei na Muthoki na watoto watano na Syokau, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, wangefunga vyombo na kwenda, na hawakuwa na mahali pengine hapa duniani.

Asubuhi ya siku kamati ilipokuja Ndauni niliwapitia Mulei na mkewe tuende pamoja, maana nilikuwa shahidi wa mpaka. Muthoki alikuwa anamfunga Mulei kifungo cha shati.

"Baba Kavata, nisikilize," akamwambia mumewe. "Wakikuuliza alama, nyamaza. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Kamati nzima inaogopa. Hakuna atakayeandika jina la mtu mwingine na kile kitu kiko mtini."

"Nitanyamaza."

"Unajua kunyamaza. Leo ndio unyamaze vizuri."

Tuliwakuta wanakamati kivukoni. Kusema kweli hatukuwakuta kivukoni, walikuwa wamesimama mbali, hatua mia moja hivi kutoka kwenye ule mzinga wa miti mitatu. Jonah alikuwa amepiga goti anafunga kamba ya kiatu, na alichukua muda mrefu kuifunga. Karani, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa ametangulia peke yake, akageuka.

"Wazee, mbona hamji?"

"Tunaona vizuri kutoka hapa," akasema mmoja.

Kiema alikuwa kando, ameinamisha kichwa. Sikuwa nimemwona kwa miezi miwili na nilishtuka jinsi alivyokonda. Jonah alipomwita aeleze madai yake, alikuja mbele, akavua kofia.

"Mwenyekiti, nilileta jina langu nikidai shamba la baba," akasema. "Leo nimekuja kusema lingine. Ndugu yangu Mulei achukue Ndauni. Achukue yote, mpaka kule juu kwenye mawe. Sitaki hata kipande. Ila aondoe kile kitu." Hakuonyesha mzinga kwa kidole, aliuelekezea kidevu. "Mwaka juzi nilikula asali yake. Nilifikiri ni mchezo kama zamani. Tangu wakati huo Nthenya wangu anaanguka. Anaanguka motoni, anaanguka kisimani, anauma ulimi. Nimepeleka mbuzi wanane kwa mganga, na anasema yeye hawezi, ni mwenyewe tu anayeweza kukifungua. Tena huu wa hapa una tatu. Mzee gani hapa hajui kwamba tatu ni ya kumaliza nyumba?"

Nthenya alikuwa na miaka tisa. Sote tulimjua.

Karani alifungua daftari lake juu ya goti. "Kwa hivyo hakuna mzozo," akasema. "Mdai ameondoa madai. Niandike Ndauni yote kwa Mulei?"

Nilimtazama Muthoki. Alikuwa amesimama na wanawake wengine, mikono ameifumbata kifuani, akimtazama mumewe bila kupepesa. Ilibaki kunyamaza tu, kwa muda wa karani kuandika mstari mmoja, na Mulei angekuwa na shamba ambalo hata Kivuva hakuwahi kulimiliki kwa karatasi. Kalamu ilikuwa imeshagusa daftari.

"Usiandike bado," akasema Mulei.

Alimwendea Kiema, akasimama mbele yake. "Nthenya umempeleka hospitali?"

"Hospitali ya nini, na ni kiapo?"

"Si kiapo."

"Mulei, nimekuomba mbele ya watu. Usinichezee."

"Si kiapo, Kiema. Ni mti. Yule Mchina wa mashine alinifundisha. Moja ni mti, tatu ni msitu. Hakuna kitu pale. Ni mti umeandikwa."

Kiema akamtazama kama mtu anayetukanwa. "Unakataa kuniondolea," akasema polepole. "Nimekupa shamba na bado unakataa."

"Mutiso anajua," akasema Mulei. "Alikuwepo. Muulizeni."

Wote wakageuka. Nilitamani mto ule mkavu ujae unichukue. Nilisema, na sauti ilitoka ndogo mpaka Jonah akaniambia nirudie, "Ni kweli. Ni maandishi ya Kichina. Niliona akifundishwa. Nilikuwa nauza mayai."

Sijui kwa nini nilitaja mayai. Lakini mtu mmoja akacheka, na mwingine akafuata, na mzee mmoja wa kamati akasema, "Miaka minne nazunguka kwenye mawe na magoti haya, kumbe nakwepa mti?" Wakacheka wote, isipokuwa Kiema, Mulei na Muthoki.

Mulei alienda mpaka kwenye ule mti wa kivukoni, akapanda, akaziba tundu la nyuki kwa majani, akaushusha mzinga kwa kamba, akauleta na nyuki wakiwa ndani wananguruma, akauweka chini mbele ya Kiema. Akachukua mkono wa ndugu yake na kuuweka juu ya ile alama. Kiema hakuuvuta. Alipapasa mikato ile mmoja mmoja, na machozi yakamtoka, halafu akauondoa mkono kwa hasira.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili unanitazama nikipita na mtoto mgongoni, unajua, na umenyamaza."

"Sikujua kwamba ulikula asali."

"Ulijua kwamba tunaogopa."

"Hilo nilijua," akasema Mulei.

"Basi karani, andika hivi. Nadai Ndauni yote. Alama yake ni ya Wachina. Hana ukoo hapa, na mzinga wake hauna ukoo. Aende kwa Wachina wamgawie."

Karani akamwangalia Jonah, akasema kwamba kwa kweli alama isiyo ya ukoo ni ushahidi mgumu kuandika. Muthoki akakaa chini pale alipokuwa amesimama, polepole, kama mtu aliyechoka. Mulei hakumwangalia, nadhani hakuweza.

Jonah aliwageukia wenzake. Kisha akaita mtu mmoja mmoja wa kamati, akawauliza swali moja.

"Wewe, hii mizinga ulijua ni ya nani?"

"Ya Mulei."

"Na wewe uliyekuwa unazunguka kwenye mawe, ulikuwa unamkwepa nani?"

"Mulei, nani mwingine."

Akamfikia Kiema. "Na wewe, Kiema. Mtoto alipoanguka, ulisema umekula asali ya nani?"

Kiema akarudisha kofia kichwani.

"Alama ya ukoo kazi yake ni nini?" Jonah akasema. "Ni watu wajue mwenye kitu. Hii wamejua mpaka wakakimbia. Hata yangu ya mshale haijawahi kujulikana hivyo." Akamgeukia karani. "Andika kwamba ukitoka kivukoni kufuata kijito, upande wenye mizinga, ardhi ni ya Mulei. Huko juu mpaka kwenye mawe ni ya Kiema. Na wewe Mulei, yale ya kunyamaza utayajibu kwa Mungu na kwa huyu mtoto, si kwa kamati."

Mulei akasema, "Ndiyo."

Kiema aliweka sahihi yake, jina lake kwa herufi kubwa. Karani akamsogezea Mulei kile kidude cha wino cha dole gumba. Mulei akakitazama.

"Naomba kalamu," akasema.

"Unajua kuandika?"

"Moja tu."

Alipiga magoti mbele ya daftari, akafuta mkono kwenye suruali, akaandika ule mti wake. Karani akasema hilo haliwezekani, sahihi lazima mtu aweze kuirudia. Mulei akairudia. Karani akampa ukurasa wa nyuma, akamwambia airudie tena, na tena. Zilipofika tano akazitazama akizilinganisha, akazungusha daftari, akazitazama kichwa chini. Zilikuwa kama zimepigwa muhuri. Akafungua ukurasa wa kwanza, zilipokuwa sahihi zake mwenyewe za wiki ile, na hakuna mbili zilizofanana. Akaandika kando ya ule mti, "Sahihi ya Mulei Syokau, imethibitishwa."

Jumatatu yake Kiema alimpeleka Nthenya hospitali ya Kitui. Basi lilikuwa linapita njia panda, kilomita nne, na mtoto alikuwa ameanguka asubuhi ile na hawezi kutembea. Mulei alikuja bila kuitwa, wakapokezana kumbeba. Niliwaona wakipita kwangu. Mmoja alikuwa mbele, mwingine nyuma, na walipobadilishana hawakuambiana neno. Huko walisema ni kifafa, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Hakupona mara moja, na hata sasa hajaacha kabisa, lakini anaanguka mara moja kwa miezi mitatu badala ya kila wiki, na alirudi shule.

Mizinga ya Ndauni iliibwa mwezi ule ule. Ilikuwa minne, ikafuata miwili. Mwizi hakuogopa kitu sasa. Muthoki alimkumbusha Mulei jambo hilo kila alipopika chai bila asali, kwa mwaka mzima, na Mulei aliendelea kuchonga mizinga.

Wapimaji walikuja Februari ya mwaka uliofuata kuweka mawe ya mpaka. Walikuwa wawili tu na kazi nyingi, kwa hiyo wakawaambia wenye mashamba wenyewe washike mnyororo wa kupimia. Kiema alishika mwisho mmoja kule juu, Mulei akashika mwingine kijitoni. Tangu kivukoni, Kiema hakuwa amemsemesha. Mimi nilikuwa katikati nikiinua mnyororo usinaswe na miiba.

Mpimaji alipiga filimbi, wakavuta. Mnyororo ukakaza, ukapanda hewani.

"Mulei," Kiema akaita kutoka juu.

"Naam."

"Legeza kidogo. Unavuta kuja kwako."

Mulei akapiga hatua moja mbele, mnyororo ukashuka mpaka kwenye mikono yangu.

"Hapo?"

"Bado kidogo," akasema Kiema. "Hapo. Simama hapo hapo."